Pai za Matunda za Sikukuu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Sikukuu zikikaribia, maswali ya pai huja kwa zamu. Wiki mbili kabla watu huuliza unga gani wanunue. Siku moja kabla huuliza mbona donge linapasuka. Usiku wa manane huuliza mbona chini pamelowa na wageni wanakuja asubuhi. Ukiyapanga yote pamoja utaona mengi ni swali moja lenye sura tofauti: maji yako wapi, na yalifika hapo saa ngapi? Kuna maji ndani ya siagi, maji unayotia kwenye unga, na maji yanayotoka kwenye matunda. Pai huharibika pale moja kati ya hayo linapokwenda lisikotakiwa.

## Mwanzo

1. Ganda la pai ni nini hasa, na linatofautianaje na unga wa mkate?

Ni unga wa ngano, mafuta magumu, chumvi na maji machache. Hamira haihitajiki. Katika mkate tunaukanda unga ili ushikamane na kuvutika. Katika pai tunataka kinyume chake.

Unga wa ngano una protini ambazo zikikutana na maji na kukandwa huungana zikawa gluteni, nyuzi zinazovutika kama mpira. Siagi hufunika sehemu ya unga ili maji yasiufikie wote, ndiyo maana ganda huvunjika kwa ulaini badala ya kutafunwa kama ngozi. Vile vipande vya siagi vilivyobaki vizima vina kazi ya pili. Siagi ya kawaida ina maji kama asilimia 16 hadi 18. Vikiingia kwenye moto mkali, maji hayo hugeuka mvuke ghafla, mvuke unainua unga, na siagi iliyoyeyuka inaacha uwazi. Hapo ndipo tabaka zinapotoka.

2. Nipe vipimo vya ganda vya kuanzia.

Kwa chombo cha sentimita 23, ganda la chini na la juu: unga wa ngano wa kawaida gramu 320, siagi baridi gramu 220, chumvi kijiko kimoja cha chai, sukari kijiko kimoja cha mezani ukipenda, na maji ya barafu mililita 80 hadi 105. Ukitaka ganda la chini tu, tumia nusu.

Ukitaka kitu cha kukumbuka bila karatasi, ni 3:2:1 kwa uzito, yaani unga tatu, mafuta mbili, maji moja. Hiyo moja ya maji ni kikomo. Mara nyingi utaacha kabla hujaifikia.

3. Lazima niwe na mizani?

Si lazima, lakini kikombe kinadanganya. Ukichota unga kwa kukizamisha kikombe kwenye mfuko, utapata gramu 150 au zaidi. Ukiumimina kwa kijiko bila kushindilia na kusawazisha juu kwa mgongo wa kisu, utapata kama 120. Kwa vikombe viwili na nusu, tofauti hiyo inatosha kabisa kukupa donge kavu lisilosukumika, kisha utalaumu siagi. Kama huna mizani, tumia njia ya kijiko.

4. Siagi, majarini, au mafuta meupe ya kugandisha?

Siagi ina ladha ambayo hakuna kingine kinachoifikia, na ina yale maji ya kutengeneza tabaka. Ubaya wake ni kwamba huyeyuka kwenye nyuzijoto 32 hadi 35 hivi, chini ya joto la mwili wako, kwa hiyo mikono yako yenyewe ni adui. Mafuta meupe ya mboga yanavumilia joto zaidi, hayahangaishi mkono mgeni, na mapambo ya ukingo hubaki yalivyofinywa. Ila hayana ladha yoyote. Wapo wanaochanganya nusu kwa nusu. Mimi natumia siagi tupu, na ukingo ukipinda kidogo naukubali ulivyo.

Majarini inafaa ikiwa ni ile ngumu ya kuokea yenye mafuta asilimia 80 au zaidi. Ile laini ya kupaka mkate ina maji mengi mno. Mafuta ya maji hutengeneza ganda la chenga, linaloliwa vizuri tu, lakini tabaka usizitarajie.

## Donge

5. Kwa nini kila mtu anasisitiza baridi?

Kwa sababu ya hivyo vipande vya siagi vya swali la 1. Vikiyeyuka mezani, vinanyweshwa kwenye unga na hakuna tena kitu cha kuachia uwazi ovenini. Utapata ganda lenye mafuta, zito, la tabaka moja.

Nimeona watu wakitia barafu kwenye maji kwa bidii huku siagi imekaa mezani tangu asubuhi. Kilicho muhimu zaidi kuwa baridi ni siagi. Ikate vipande vya sentimita moja na nusu, irudishe kwenye friji, na itoe dakika ile unayoihitaji.

6. Naichanganyaje siagi na unga?

Tia vipande vyote kwenye unga uliochanganywa na chumvi, vitikise vipate vumbi la unga kila upande, kisha bonyeza kimoja kimoja kati ya kidole gumba na cha shahada kiwe bapa. Endelea kwa ncha za vidole tu, kwa sababu kiganja kina joto. Acha pale sehemu kubwa ya mchanganyiko inapokuwa kama chenga, na bado unaona vipande vya ukubwa wa punje ya njegere.

Hapa pana uamuzi. Ganda la juu acha vipande vikubwa, lichambuke vizuri. Ganda la chini litakalobeba matunda yenye maji mengi, livuruge zaidi kidogo. Chenga ndogo zikifunikwa vyema na mafuta hunyonya maji polepole zaidi. Kama unafanya yote kwa bakuli moja, chagua kati na kati.

Mashine ya kukatakata chakula inafaa pia, ila bonyeza na kuachia kwa sekunde moja moja. Ukiiacha inguruma, siagi inakwisha kabla hujageuka. Maji changanya kwa mkono, nje ya mashine.

7. Nitajuaje maji yametosha?

Nyunyiza vijiko vitano au sita vya mezani kwanza, ukigeuza kwa uma. Kisha fumbata konzi moja ya mchanganyiko. Ukifungua mkono na donge likabaki kitu kimoja, yametosha, hata kama bakuli bado linaonekana la chenga. Likimeguka, ongeza kijiko kimoja, na ukinyunyizie pale pakavu tu.

Wapikaji wapya hukosea upande wa kuzidisha, kwa sababu donge laini linaloteleza linafurahisha mkono. Furaha hiyo huiva ikawa ganda gumu. Donge zuri la pai likitoka kwenye bakuli ni baya kidogo kulitazama, lina mipasuko pembeni na madoa ya siagi. Likunje mara mbili tatu, lipapase liwe bapa kama kisosi, lifunge.

8. Siki au pombe kali husaidia kweli?

Kijiko cha chai cha siki huzuia donge lisigeuke kijivu likikaa siku mbili kwenye friji. Kwa kulainisha ganda, kiasi hicho ni kidogo mno usitegemee muujiza. Pombe kali isiyo na ladha ina mantiki yake: sehemu ya kimiminika ambayo ni kilevi haijengi gluteni, kwa hiyo unaweza kulowesha donge zaidi bila kulifanya gumu, na nyingi yake hupotea kwenye moto. Asiyeitaka hakosi kitu, pai ilikuwepo kabla ya ujanja huo.

9. Donge lipumzike muda gani?

Saa moja kwenye friji, likiwa limefungwa. Saa mbili ni bora, usiku kucha hakuna ubaya. Muda huo maji husambaa sawasawa, gluteni iliyojikaza hulegea, na siagi hugandamana upya. Ukiruka hatua hii, donge litasukumika likirudi nyuma kama mpira, na ovenini litasinyaa (swali la 19).

Likitoka baada ya usiku mzima litakuwa gumu kama ubao. Liache mezani dakika 10 hadi 15 kabla ya kulisukuma.

10. Linapasuka kingo ninaposukuma. Nifanyeje?

Ama ni baridi mno, ama ni kavu. Bonyeza kwa kidole: kikigoma kuingia, subiri dakika tano. Kikiingia na bado linapasuka, maji hayakutosha. Lowesha vidole, paka kwenye mipasuko, likunje mara moja, lirudishe friji nusu saa. Mpasuko mdogo ukingoni uzibe kwa kipande ulichokatia pengine, kwani ukishaiva hakuna atakayeuona.

Sukuma kutoka katikati kwenda nje, ukizungusha donge robo mzunguko kila baada ya misukumo michache. Ukilizungusha utajua mapema kama limeanza kunata. Unene wa milimita tatu unatosha, na upana uzidi chombo kwa sentimita tano hivi kila upande.

11. Jiko langu lina joto kali. Nisijaribu?

Jaribu, ila badilisha utaratibu. Weka unga, bakuli na hata kifimbo cha kusukumia kwenye friza nusu saa. Gandisha siagi iwe jiwe kisha ikwaruze kwa kikwaruzio kikubwa moja kwa moja juu ya unga, maana hapo mikono haina kazi kubwa. Sukuma donge kati ya karatasi mbili za kuokea, ili likianza kulegea ulibebe zima zima kulirudisha friji. Fanya kazi alfajiri au usiku, kabla oveni haijawashwa kwa kitu kingine.

Na siku utakayoona siagi inang'aa juu ya donge, acha palepale. Dakika 15 za friji huokoa. Kuongeza unga ili lisinate hakuokoi chochote.

## Matunda

12. Matunda gani yanafaa?

Yenye uchachu na yasiyoiva kupita kiasi. Tufaha ndilo la kuanzia kwa sababu halitoi maji mengi na lina pektini ya kusaidia kukaza. Chagua aina inayobaki vipande ikipikwa, kama Granny Smith au Braeburn. Bramley na McIntosh huvurugika zikawa rojo, jambo ambalo wengine hulipenda. Kuchanganya aina mbili, moja chachu na moja tamu, ni ujanja wa zamani na unafanya kazi.

Pichi, plamu, cheri na jamii ya beri zina ladha kali zaidi na maji mengi zaidi, kwa hiyo soma swali la 13 kwanza. Embe liwe bado gumu kidogo. Nanasi lipike kwanza kwenye sufuria mpaka maji yake yakauke nusu. Peasi zikiiva sana hugeuka uji. Ndizi mbivu haifai ndani ya ganda lililofunikwa, hubadilika rangi na kuwa nzito.

13. Mjazo wangu hugeuka supu nikikata. Tatizo nini?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na lina majibu matatu.

La kwanza ni wanga. Kwa kilo moja ya matunda yaliyokatwa, tufaha zinahitaji vijiko viwili vya mezani vya wanga wa mahindi. Pichi, embe na plamu vijiko vitatu. Beri na cheri vinne hadi vitano. Ukitumia unga wa ngano badala yake, zidisha mara mbili, na ujue mchuzi hautakuwa angavu. Wanga wa muhogo ninaupenda zaidi kwa beri, kwa sababu unang'aa, unavumilia uchachu, na ukigandishwa hauachii maji kama wa mahindi. Wanga wowote uuchanganye na sukari kwanza ndipo utie kwenye matunda, usije ukafanya madonge.

La pili ni moto. Wanga hauna nguvu mpaka mjazo uchemke. Pai iliyotolewa ikiwa na ganda zuri lakini katikati haijatokota, ina wanga mbichi ndani yake na itabaki supu hata ungetia vijiko kumi.

La tatu ni subira, ambayo ina swali lake (la 22).

Kama matunda yana maji ya kutisha, yachanganye na sukari, yaache dakika 30 hadi 45, yachuje, kisha chemsha ule mchuzi peke yake upungue nusu. Urudishe kwenye matunda ukishapoa, ndipo utie wanga. Ladha yote inabaki, na unakuwa umeondoa maji ambayo ganda la chini lingeyapokea.

14. Sukari kiasi gani?

Gramu 100 hadi 150 kwa kilo ya matunda ni pa kuanzia. Onja tunda kwanza. Kumbuka sukari huvuta maji kutoka kwenye matunda, kwa hiyo kuzidisha utamu ni kuzidisha mchuzi. Maji ya ndimu na chumvi kidogo mara nyingi ndivyo vinavyokosekana pale mtu anapodhani anahitaji sukari zaidi.

Viungo viwe vichache. Mdalasini kwa tufaha na plamu, iliki kwa embe na peasi, tangawizi kwa pichi. Karafuu ni ya kuogopa, punje mbili za kusagwa hutosha pai nzima.

15. Naweza kutumia matunda ya friza au ya kopo?

Ya friza, ndiyo, na nje ya msimu huwa bora kuliko mabichi yaliyochumwa machanga. Yayeyushe ndani ya chujio, kisha chemsha maji yaliyotoka kama ilivyoelezwa kwenye swali la 13. Ya kopo yachuje kabisa, punguza sukari kwa nusu, na ujue yameshapikwa, kwa hiyo vipande vitakuwa laini sana.

## Kuoka

16. Joto gani na dakika ngapi?

Anza nyuzijoto 220 kwa dakika 20, kisha shusha hadi 190 kwa dakika 35 hadi 45 zaidi. Oveni yenye feni punguza 20 kila hatua. Moto wa mwanzo unaigeuza siagi mvuke kabla haijapata nafasi ya kuvuja, na moto wa pili unaivisha matunda. Toboa ganda la juu mipasuko minne au mitano ili mvuke upate njia, la sivyo mvuke utajitafutia njia wenyewe.

Dakika hizi ni makadirio. Oveni nyingi za nyumbani hazisemi kweli kuhusu joto lake, na kipimajoto kidogo cha kuning'iniza ndani ni ununuzi ambao sijawahi kuujutia.

17. Kwa nini ganda la chini hulowa?

Kwa miaka mingi niliamini kosa langu ni mjazo. Nikapunguza matunda, nikaongeza wanga, nikapaka ute wa yai, na bado chini palikuwa peupe na teketeke. Kumbe nilikuwa natoa pai mapema, rangi ya dhahabu ya juu ikinidanganya. Ganda la juu huiva kabla ya la chini, daima. Sasa naacha mpaka juu pawe kahawia ya kukolea, na nikiona papita kiasi nafunika (swali la 20).

Mengine yanayosaidia, kwa uzito wake: weka trei nzito kwenye oveni tangu unapoiwasha, kisha weka chombo cha pai juu ya trei hiyo, kwenye rafu ya chini. Tumia chombo cha chuma, maana chuma hupitisha joto upesi kuliko kioo, na kioo upesi kuliko kauri nene. Kioo kina faida yake, unaweza kuinua na kuona chini pamefika wapi. Mjazo uingie ukiwa umepoa kabisa, na pai iingie ovenini mara tu inapojazwa. Tabaka jembamba la chenga za biskuti chini ya matunda hunyonya mchuzi wa kwanza. Ute wa yai husaidia kidogo.

Onyo moja: chombo cha kioo kikitoka friza kisiingie kwenye oveni ya moto. Changu kilipasuka vipande viwili, na sehemu ya jioni ile niliimaliza nikikwangua plamu kwenye sakafu ya oveni.

18. Lini nioke ganda tupu kabla ya kujaza?

Pale mjazo hauiviki pamoja na ganda au unaiva kwa moto mdogo: krimu, maziwa na mayai, matunda mabichi ya kupangwa juu. Pai ya matunda iliyofunikwa haihitaji.

Tandaza donge kwenye chombo, ligandishe dakika 20, weka karatasi ya kuokea, jaza maharage makavu au mchele mpaka ukingoni. Oka nyuzijoto 200 kwa dakika 20, toa karatasi na uzito wake, toboatoboa kwa uma, kisha rudisha dakika 10 hadi 15 mpaka pakauke. Maharage hayo hayapikiki tena, yaweke kwenye kopo lake kwa kazi hiyohiyo.

19. Ganda langu husinyaa na kuteleza chini ya chombo.

Ulilivuta. Donge linapotandazwa liinue kwa ukingo na uliache lishuke lenyewe mpaka kwenye kona, usilisukumie kwa vidole. Halafu lipumzike tena kwenye friji nusu saa kabla ya kuoka. Kama lilikandwa sana mwanzoni (swali la 1), hakuna kupumzika kutakakoliponya kabisa.

20. Kingo zinaungua kabla katikati hapajaiva.

Kata pete ya foili upana wa sentimita sita na ufunike ukingo tu, kuanzia dakika ya 30. Usifunike mwanzoni, foili itafinya mapambo yako. Juu pakikolea mno, laza kipande cha foili bila kukibana.

21. Napataje rangi inayong'aa, na ule msuko wa juu unafanywaje?

Kiini cha yai kwa kijiko cha maziwa hutoa kahawia inayong'aa. Maziwa peke yake hutoa rangi iliyofifia na ya kupendeza. Ute wa yai na sukari ya chenga juu yake hutoa kitu kinachometameta na kuvunjika mdomoni. Paka kwa wepesi. Yai likichuruzika kwenye kingo za tabaka huzigandisha zisipande.

Msuko ni kama kuanza ukili. Kata mikanda 10 ya upana wa sentimita mbili, laza mitano wima, kunja nyuma wa kwanza, wa tatu na wa tano, laza mmoja ulalo, rudisha, kunja wa pili na wa nne, endelea. Mikanda iwe baridi. Ikianza kulegea, ipeleke friji na trei yake. Faida ya msuko ni kwamba mvuke hutoka kwa wingi, kwa hiyo unafaa zaidi kwa beri na cheri.

22. Nitajuaje imeiva, na nisubiri muda gani kukata?

Tazama mchuzi kwenye mipasuko. Povu jepesi la haraka ukingoni halitoshi. Unataka matone mazito yanayotokota polepole, na yaonekane karibu na katikati pia. Ukiwa na kipimajoto cha chakula, nyuzijoto 93 hadi 96 katikati ya mjazo.

Kisha saa nne juu ya waya, angalau tatu. Mchuzi unakaza ukipoa. Najua nyumba inanukia na watoto wamesimama mlangoni. Ukikata sasa utakula pai tamu kwa kijiko kutoka kwenye bakuli, na kama hilo halikusumbui, kata.

23. Pai yangu ya tufaha ina pango kati ya matunda na ganda.

Tufaha mbichi hupungua sana zikiiva, huku ganda la juu likigandamana mahali lilipokuwa. Zipike kwanza kwenye sufuria yenye kifuniko, moto mdogo, dakika 10, pamoja na sukari na ndimu, mpaka zilegee bila kuvunjika. Zipoe kabisa. Utashangaa kilo moja na nusu inaingia pale palipokuwa pakibeba kilo moja.

## Ratiba ya sikukuu

24. Nini naweza kufanya mapema?

Donge: siku mbili au tatu kwenye friji, miezi mitatu kwenye friza likiwa limefungwa mara mbili. Kuyeyuka ni usiku mmoja kwenye friji, kamwe si mezani. Mjazo uliopikwa: siku mbili kwenye friji. Kuoka: jioni ya kuamkia siku yenyewe. Pai ya matunda inapata usiku mzima wa kukaza, na oveni yako inabaki huru kwa nyama.

Ukipika pai zaidi ya mbili, tengeneza donge zote siku moja na kuoka siku nyingine. Jikoni hupoteza uvumilivu haraka kuliko viungo.

25. Je, naweza kugandisha pai nzima?

Ndiyo, na ni bora ikiwa haijaokwa. Ijenge kwenye chombo cha chuma au cha foili, igandishe wazi mpaka iwe ngumu, kisha ifunge. Siku ya kuoka usiiyeyushe: ipake yai, iweke juu ya trei ya moto, nyuzijoto 220 kwa dakika 25, kisha 190 kwa saa moja hivi, ukifuata dalili za swali la 22. Tumia wanga wa muhogo kwa sababu iliyotajwa kwenye swali la 13.

26. Inakaa siku ngapi nje ya friji?

Pai ya matunda yenye sukari, bila maziwa wala mayai kwenye mjazo, siku mbili mezani ikiwa imefunikwa kwa wepesi, kisha friji siku mbili zaidi. Yenye krimu, maziwa au mayai isikae nje zaidi ya saa mbili. Friji hulegeza ganda, kwa hiyo kabla ya kula rudisha pai ovenini nyuzijoto 175 kwa dakika 15. Maikrowevu itapasha matunda na kuua ganda.

## Hali za pembeni

27. Sina oveni.

Sufuria nzito yenye kifuniko kinachobana, kistendi cha chuma ndani ili chombo kisiguse chini, moto wa wastani, na ikiwezekana makaa machache juu ya kifuniko. Bila moto wa juu, pai haipati rangi. Tengeneza pai ndogo na pika mjazo kabla. Njia rahisi zaidi ni vipai vya mkononi: kata duara, weka kijiko cha mjazo mzito, kunja, finya kwa uma, kaanga kwenye mafuta ya nyuzijoto 175 hivi. Mjazo wa majimaji usithubutu, utalipuka kwenye mafuta.

28. Kuna mgeni asiyekula gluteni, na mwingine asiyekula vitu vya wanyama.

Kwa wa kwanza, changanya unga wa mchele sehemu mbili na wanga wa muhogo sehemu moja, ongeza yai moja na nusu kijiko cha chai cha zanthani (unga wa kushikamanisha) ili vishikane. Donge halivutiki, kwa hiyo lisukume kati ya karatasi au libandike kwa vidole moja kwa moja kwenye chombo. Kama mgeni ni mgonjwa wa siliaki, yaani gluteni humdhuru mwilini, vyombo na meza yenye vumbi la ngano ni hatari kwake, hivyo oka pai yake kwanza kabla ya kufungua mfuko wa ngano.

Kwa wa pili, majarini ngumu isiyo na maziwa. Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzijoto 24 hivi, na yakiganda huvunjika kama kioo, ni kazi ngumu. Juu paka maziwa ya soya yenye tone la asali ya miwa.

29. Watoto wanaonja donge bichi. Kuna ubaya?

Upo. Unga haujapikwa, na unaweza kubeba vimelea kama E. coli na Salmonella, hata kama donge halina yai. Wape mabaki: yasukume, nyunyiza sukari na mdalasini, kata vipande, oka dakika 12 pembeni ya pai. Hayo hayatasubiri saa nne.